Ngata kwa Ukurasa Mmoja

Wanaume waliporudi kutoka makaburini siku ile tuliyomzika Mwalimu Tabu, walinikuta uani nakoroga sufuria la wali wa msiba. Hata msibani mimi ni wa jikoni. Nilikuwa nimefunga khanga kiunoni, moshi umeniingia machoni, na nikashukuru moshi maana ulinipa sababu ya machozi. Hapo nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Mama Ngata! Bado unapika tu?" Nikageuka na mwiko mkononi. Nilimwona mwanamume mwenye upara, viatu vyekundu kwa vumbi la makaburi, tumbo limetangulia. Sikumjua mpaka alipocheka. Duniani nimeitwa majina mengi, mengine siyo ya kuandikwa, lakini hilo la Mama Ngata alinipa mtu mmoja tu, kijana wa Mitundu aliyeitwa Hango. Nikamwambia, "Na wewe bado una mdomo. Nywele zimekukimbia, mdomo umebaki." Watu wakatutazama, maana kwenye msiba hatuchekani hivyo. Tulipokwisha kula akaja kukaa ukingoni mwa mkeka wetu akaniambia neno moja lililonikosesha raha wiki nzima. Neno hilo nitaliweka mahali pake. Kwanza niandike mwaka wenyewe, maana bila mwaka ule neno la Hango halina uzito.

Habari za ukoo wangu siandiki. Aliyenitoa shule nikiwa darasa la tatu, aliyenipeleka kwa watu, hayo ni ya siku nyingine, na wengine Mungu ameshawachukua. Ninaowaandika hapa ni wawili, na ninawaandika kwa majina, kwa sababu miaka yote hii wamepokea shikamoo za watu barabarani kama vile mikono yao ni safi. Mwanamume ni Zefania. Alikuwa mkuu wa shule moja ya sekondari upande wa Issuna, huko Singida. Mwanamke ni mkewe, Mama Frida. Jina la shule siliandiki. Shule haikunikosea, matofali hayana dhambi. Nilikaa kwa Zefania miaka sita, tangu nina kumi na miwili mpaka kumi na minane. Mshahara wangu ulikuwa ahadi ya cherehani. Kila Januari cherehani ilikuwa njiani. Nililala stoo, katikati ya magunia ya mahindi ya wanafunzi na madumu ya mafuta ya alizeti, na mpaka leo nikisikia harufu ya dagaa na gunia jipya usingizi unanijia wenyewe. Chakula changu kilikuwa ukoko na mlenda uliobaki. Mkono wangu wa kushoto una kovu kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko. Ni uji wa moto. Watu wakiniuliza nasema ulimwagika, lakini haukumwagika, ulimwagwa, na aliyeumwaga ni Mama Frida, kwa sababu uliungua kidogo chini. Nimesema.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule wa mwisho. Mvua zilipitiliza mpaka paa za udongo za tembe zikaanza kuota majani, na shule ikaletewa mwalimu mpya wa Kiswahili kutoka Tanga. Huyo ndiye Mwalimu Tabu. Alikuwa mwembamba, mweusi, anavaa ushungi hata akiwa anafua, na Kiswahili chake kilikuwa kinateleza kama kijiko kwenye mlenda. Sisi wa bara tunaongea kwa kukatakata, tunasema jambo tunamaliza. Yeye alikuwa analizungusha neno kwanza. Mahali pangu pa kuoshea masufuria palikuwa nyuma ya darasa la kidato cha tatu, chini ya dirisha lisilo na kioo, na hapo ndipo nilipoanza kumsikia akiwasomea kitabu. Kilikuwa hadithi ya zamani, ya misafara ya wapagazi. Vitabu vilikuwa vitatu kwa darasa zima. Vyote majalada yametoka, na viwili mchwa walikuwa wamekula nyuma, kwa hiyo kilichofika mwisho kilikuwa kimoja tu, cha mwalimu mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na msichana anaitwa Sikuzani. Alichukuliwa kwao mdogo, akawa anabeba vyungu na posho ya kiongozi wa msafara, kijiji kwa kijiji, pwani kwenda bara na bara kwenda pwani, na kila alipolala aliwaza njia ya kurudi kwao. Nilikuwa nasugua sufuria moja nusu saa ili nimsikie. Siyo mapenzi ya vitabu, nisijipambe. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: atarudi kwao au hatarudi? Niliona kwamba yeye akirudi, basi inawezekana.

Shida ilikuwa maneno. Kitabu kilijaa maneno ambayo watoto wale hawajawahi kuyasikia, na Mwalimu Tabu kila ukurasa anasimama kuuliza. Siku moja akauliza, "Ngata ni nini?" Hango akanyoosha mkono, "Mwalimu, ni mnyama?" Wakacheka. Mwalimu akafungua kamusi akawasomea: kitu cha mviringo cha nguo au majani, huwekwa kichwani chini ya mzigo. Wakaandika kwenye madaftari yao, na nyuso zao zilikuwa kama ng'ombe anayetazama treni. Mimi wakati huo nilikuwa napita dirishani na ndoo ya maji kichwani. Nikasikia, "Simama hapo hapo, dada!" Nikasimama. Nikajua nimekosa. Mwalimu akatoka, akanisaidia kutua ndoo, akachukua kile kitambaa nilichokisokota, akakiinua juu dirishani. "Hii ndiyo ngata." Darasa zima likapiga kelele, "Aaa, hiyo! Mwalimu, si ungesema!" Kila mmoja akaanza kuitaja kwa lugha ya kwao, huyu Kinyaturu, huyu Kinyiramba, wawili wa upande wa Manyoni wakaitaja kwa Kigogo. Walikuwa wameibeba tangu utotoni. Hango akasema, "Basi huyu ni Mama Ngata," na jina likaniganda.

Jioni ile Mwalimu alinifuata kisimani. Nikamwamkia, akaitikia, halafu mimi nikashindwa kuzuia mdomo. "Mwalimu, Sikuzani atarudi kwao?"

Akanitazama sana. "Kumbe unasikiliza?"

"Masikio hayana mlango, Mwalimu."

"Kusoma unajua?"

"Nilifika la tatu. Nasoma, ila kwa kutembea. Sikimbii."

"Basi mwisho sikwambii. Utausoma mwenyewe." Akakaa kwenye jiwe, na nadhani hapo hapo ndipo wazo lilipomjia. "Sikiliza, Hadija. Mimi nina maneno, vitu sina. Kwetu mizigo inabebwa kwa mkokoteni, mimi mwenyewe ngata sijawahi kusokota. Kila utakaponiletea kitu cha ndani ya kitabu, tukiwaonyesha wale, mimi nakusomesha ukurasa mmoja. Kitu kwa ukurasa. Unasemaje?"

Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Miaka sita nilikuwa nauza jasho kwa ahadi. Huyu alikuwa analipa papo hapo.

Tulikuwa tunasoma chumbani kwake saa nane mchana, Mama Frida akiwa amelala usingizi wa baada ya chakula. Ule usingizi nilikuwa naujua kama ninavyojua kiganja changu. Akianza kukoroma nina muda wa ukurasa mmoja na kikombe kimoja. Chumba cha Mwalimu kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bati, jiko la mafuta ya taa na kopo la tangawizi. Alikuwa anachemsha chai ya rangi, tangawizi nyingi, anammiminia mgeni kwanza. Mgeni ni mimi. Siku ya kwanza nilisimama na kikombe mkononi, sijui nikae wapi, mpaka akaniambia, "Kaa kitandani, hakikuli." Sikuwa nimekaa kwenye kitanda cha mtu tangu nitoke kwetu. Nikasoma ukurasa wa kwanza kwa kidole, herufi kwa herufi, jasho linanitoka kuliko kutwanga. Mahali nilipokwama hakunisaidia haraka. Alikuwa anakunywa chai yake. Siku hizi nawaona watu wanamsomesha mtoto kwa kumrukia kila anapokosea, nasema moyoni, hamjui kusubiri chai ipoe.

Na vitu nilileta. Kitabu kilipotaja kilindo, kamusi ikasema ni chombo cha gome la mti. Mwalimu hakuelewa gome linakuwaje chombo. Mimi ni mtu wa Mgori, nimekua kwenye msitu wa walina asali, kilindo nakijua kama wengine wanavyojua ndoo. Nilivua gome la mti wa mtundu, nikalikunja likiwa bado bichi, nikalishona kwa kamba za mti, nikatia kitako. Kilitoka upande mmoja kirefu, lakini kilishika maji ya asali bila kuvuja. Tulipofika kwenye dungu niliwapeleka wote shambani kwa mzee mmoja jirani, wakati uwele umekomaa na ndege wa kweleakwelea wanashuka kama wingu. Wakapanda kwenye jukwaa lile la miti kwa zamu, wakapiga makelele, wakajua kwa nini Sikuzani, kabla hajachukuliwa kwao, alikuwa na sauti ya kukwaruza kila mwaka mwezi wa uwele. Nikawaonyesha kombeo, unavyotia jiwe, unavyozungusha, unavyoachia kamba moja. Hango akasema hiyo ni kazi ya watoto, akazungusha kwa nguvu, jiwe likaenda nyuma badala ya mbele likapiga bati la choo cha walimu, na ndani mtu akapiga ukunga. Walicheka wiki nzima.

Hango alikuwa hanikopeshi. Nikiingia na kikapu anasema, "Mama Ngata, leo umetuletea nini, mkia wa babu?" Nami siku hizo nilikuwa nimeanza kupata ulimi. Nikamjibu, "Nimekuletea akili, ila sioni ngata kichwani mwako, itaanguka." Darasa likalipuka. Mwalimu Tabu akajifanya anafuta ubao. Nakuambia, mtu aliyeishi miaka sita bila kuchekewa kwa wema, siku akichekewa hivyo anarudi stoo anakaa juu ya gunia anajirudia maneno yake mwenyewe. Katikati ya mwaka walikuwa wanayatumia maneno yale hovyo tu, hata kwenye mpira. Golikipa anaambiwa, "Wewe uko langoni au uko kwenye dungu?" Mtu akinyimwa ugali analalamika posho ya msafara imeliwa na kiongozi. Mimi nilikuwa nimefika mbali kwenye kitabu. Sikuzani alikuwa ametoroka msafara akiwa na ngata yake tu kichwani, haina mzigo. Zilibaki kurasa kumi na moja.

Ndipo kikaja kitu kinachoitwa ulindi. Kamusi ilisema ulindi ni kijiti kigumu cha kupekechea moto, na kile laini kinacholala chini ni uwimbombo. Sikuzani anawasha moto huko njiani usiku wake wa kwanza wa uhuru, na darasa halikuelewa moto unatokaje kwenye mti. Nikasema hiyo ni yangu. Kwetu walina asali kiberiti kikilowa hawarudi nyumbani. Nilikausha vijiti juu ya jiko siku nne. Kosa langu ni moja, na ni kosa la mtu wa msituni: moto wa kupekecha sijawahi kuuona ukiwashwa ndani ya nyumba. Kule mwituni moshi unakwenda zake. Niliwapigisha magoti watatu watatu, tukapokezana kupekecha, viganja vikatoa malengelenge, na unga mweusi ulipoanza kufuka nikauweka kwenye nyasi nikapuliza. Ukawaka. Vijana wakapiga vigelegele kama harusi. Moshi ukatoka kwenye madirisha yote, na Zefania akaja mbio akidhani shule inaungua.

Alisimama mlangoni. Alitazama moto, akamtazama Mwalimu, halafu akaniona mimi, mbele ya darasa, chaki mkononi, maana Mwalimu alikuwa ameniambia niandike neno lenyewe ubaoni. Nilikuwa nimefika U-L-I-N. Zefania akasema taratibu, na utaratibu wake ulikuwa mbaya kuliko kelele, "Huyu si mtumishi wangu?"

Mwalimu Tabu akasema, "Ananisaidia, Mkuu. Wanafunzi wanaelewa."

"Mwalimu, wewe umeajiriwa na cheti. Huyu ana cheti gani? Cha masufuria?" Hakuna aliyecheka. Nataka hilo liandikwe: wale watoto hawakucheka. Zefania akachukua kitabu mezani, akaniambia nitangulie nyumbani.

Mama Frida hakunipiga siku hiyo. Alikaa kwenye kigoda jikoni, kitabu mapajani, akatafuta mahali nilipokuwa nimeweka unyasi wa alama. Akachana kuanzia hapo mpaka mwisho. Kurasa kumi na moja, akazihesabu moja moja. Akaniwekea karibu na jiko la mkaa. "Si unajua kuwasha moto? Haya, washa. Mzee anataka chai." Zefania alikuwa sebuleni na gazeti, mlango uko wazi, anaona. Niliwasha. Niliziona herufi zinakunjamana, nikajaribu kusoma haraka kabla hazijaliwa, nikapata neno "mlango" na neno "vumbi", basi. Chai ilichemka. Naye alikunywa, Zefania, na akaomba sukari. Watu wanaosema nisamehe, mimi nawauliza: nisamehe uji au nisamehe sukari? Uji ulikuwa hasira. Ile sukari haikuwa hasira.

Baada ya hapo darasani sikuruhusiwa, na Mwalimu Tabu alipewa barua ya onyo. Tulikuwa tunapishana kisimani kama watu wasiojuana. Nikarudi kuwa mtu wa stoo. Nilijiambia, Hadija, ulikuwa unajidanganya, wewe si wa kurudi popote. Wiki tatu nne hivi zikapita, shule ikakaribia kufungwa. Asubuhi moja nakwenda kuwafungulia kuku, nikakuta kile kilindo changu, kile kilichokwenda upande, kimewekwa ndani ya banda. Nikafungua kifuniko. Ndani kulikuwa na daftari limefungwa kwa kipande cha kaniki, na karatasi ya Mwalimu kwa kalamu nyekundu: "Kitabu kingine kimepatikana. Wanafunzi wamekunakilia mwisho. Deni langu la kurasa nimelimaliza." Kweli zilikuwa kurasa kumi na moja, kila moja na mwandiko wake, mwingine umelala, mwingine mkubwa kama wa mabango. Nilisoma stoo, mlango nimeuegemea kwa mgongo, safari hii sikutumia kidole.

Sikuzani alirudi kwao. Alipita kwenye miamba iliyopangana kama mtu amebebesha jiwe juu ya jiwe. Akala ugali wa uwele na mlenda kwa mama mmoja aliyempa kigoda akakaa. Akapanda dungu la watu usiku mmoja akalala huko fisi wasimpate, asubuhi akawafukuzia ndege kwa kombeo kama malipo. Akafika kwao, akakuta nyumba ni ile ile, tembe, imeinama kidogo, na mlango umefungwa. Akabisha, hakuna aliyeitika. Akaufungua mwenyewe. Ndivyo kilivyokwisha: "Kwa sababu mlango wa kwenu hauombwi." Nililisoma neno hilo mpaka kukapambazuka ndani ya kichwa changu. Kesho yake Mama Frida alipoanza kukoroma saa nane, nilisokota ngata, nikaweka kilindo juu yake, na ndani ya kilindo daftari na nguo zangu mbili, nikatoka kwa mlango wa mbele. Sikukimbia. Pale kona ya uwanja wa mpira Zefania aliniona akiwa na walimu wenzake. Akaita, "Wewe binti, unakwenda wapi?" Nikasema, "Kwetu." Sikumwamkia. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumpita mtu mzima bila shikamoo, nikatembea mpaka barabara kuu, ambako dereva wa lori la vitunguu alinichukua hadi mjini. Siku mbili baadaye nilikuwa Mgori. Waliokuwepo nyumbani na wasiokuwepo ni habari nyingine. Mlango niliufungua mwenyewe.

Sasa neno la Hango. Pale mkekani, vidole vyake bado vina mafuta ya wali, akaniuliza, "Dada Hadija, ule mwisho uliusoma?" Nikamwambia niliusoma mpaka daftari likaachia nyuzi. Akainamisha ule upara wake. "Kitabu kingine hakikupatikana. Mwalimu alitafuta mpaka Dodoma, hakuna. Tuliuandika sisi. Yeye alitupa kurasa kumi na moja tupu, akasema kila mmoja atumie maneno ya Hadija. Ya mwisho niliiandika mimi."

Nilinyanyuka nikaenda kuosha masufuria ambayo hayakuwa yangu. Nilikasirika, sitaficha. Nimedanganywa na Zefania, nimedanganywa na Mama Frida na cherehani yake, na kumbe huyu mmoja niliyemwamini naye alinidanganya, na leo yuko mchangani siwezi kumuuliza. Miaka karibu thelathini nimetembelea mguu wa uongo! Nikarudi nyumbani na basi la jioni sijaaga mtu. Siku zilivyokwenda nikaanza kujicheka. Mwandishi wa kitabu kile alikuwa mtu wa pwani, Sikuzani wake alikula wali na samaki kurasa zote, halafu ghafla kurasa za mwisho anakula mlenda na kupita kwenye miamba ya Singida! Kilindo cha kurasa hizo kimeandikwa ni cha gome la mtundu na upande mmoja ni kirefu. Upande mmoja ni kirefu! Na mimi nilisoma hayo mara mia nisione. Nilikuwa nasoma kazi ya mikono yangu mwenyewe.

Mwezi uliopita Hango alikuja Mgori. Amehamishiwa shule ya kata ya huku kwetu, anafundisha Kiswahili, na kitabu kile kimechapwa upya, kina jalada. Alikuwa amekileta chini ya kwapa kama mtu anayeleta posa. Alisema watoto wake wamekwama palepale, ngata hawaijui, maji siku hizi yanaletwa na bodaboda. "Njoo na kikapu, dada. Ninakuomba." Nikamwambia aache kitabu, nitafikiri. Nilikaa mlangoni nikaanzia pale nilipokuwa nimeweka unyasi katika kile cha zamani. Miwani yangu ni ya kununua mnadani lakini inatosha. Katika kitabu chenyewe Sikuzani hafiki. Anakufa kwa kiu siku mbili kabla ya kwao, mlango anauona kwenye ndoto tu, na msafara mwingine unapita, na ngata yake inabaki njiani ndani ya vumbi. Imeandikwa vizuri, nililia. Halafu nikaweka kitabu chini nikawaza: kama Mama Frida asingechoma, kama ningelisoma haya nikiwa na miaka kumi na minane juu ya gunia la mahindi, ningepata wapi moyo wa kutoka? Ningekuwa nawasha lile jiko mpaka leo. Simshukuru. Asije mtu akasema Hadija amemshukuru Mama Frida. Yeye alichoma, basi, na moto wake haukujua unachofanya. Ninaowashukuru ni wale walioandika, na mwanamke wa Tanga aliyewapa karatasi.

Nilikwenda Jumatano. Darasa lina watoto karibu sabini, wasichana wengi kuliko zamani, wote wakasimama. "Shikamoo, bibi!" Bibi! Nikaitikia marahaba, nikamtazama Hango, akatazama dirishani. Nilitoa ngata, nikamwita mvulana mmoja mwenye kiburi cha mabega nikamtwika ndoo ya maji, akatembea hatua nne akalowa mpaka soksi, na wenzake wakamzomea. Nilitoa kilindo changu, kile kile, kimekuwa cheusi. Vijiti vya ulindi niliwaambia hivyo ni vya nje, tutapekecha uwanjani, nimeshajifunza. Walipigana kushika vitu. Mwalimu Hango alikaa nyuma kabisa, kwenye kidawati kidogo, magoti yamemfika kidevuni.

Kengele ilipolia msichana mmoja alibaki. Anaitwa Pili, mdogo wa umbo, sare yake imefifia na mikono yake ina nyufa za mtu anayefua nguo za watu wengi. Mikono hiyo naijua. Alishika kilindo, akachungulia ndani, akaliona daftari, maana huwa silitoi. Akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu ambaye hatakiwi kuuliza, "Bibi, sisi tumefika anapotoroka tu. Huyu Sikuzani atarudi kwao?"

Nikafunga kifuniko.

"Unapokaa," nikamwambia, "tafuta kitu cha zamani ambacho hakuna anayejua jina lake. Niletee Jumatano. Mimi nitakupa ukurasa."

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu. Ziko kumi na moja."

Akahesabu kwa vidole, akafika kumi, akaongeza kidole gumba tena. Halafu akakimbia.